Dar hadi Frankfurt nilipiga hesabu ya masaa tisa, mama yangu nusura afe kwa presha

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna mdau kauliza humu Dar hadi Frankfurt ni umbali gani na ndege inachukua masaa mangapi. Imenikumbusha yaliyonikuta mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wa kahawa ndio wanaanza kuingia Mbinga. Mimi nafundisha jiografia kijijini Matiri. Dada yangu Dafroza akapata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani.

Mama akaniuliza atasafiri muda gani. Nikachukua atlasi, nikanyoosha uzi kutoka Dar hadi Frankfurt, nikagawa kwa spidi ya ndege.

Nikamjibu kwa kujiamini, "Masaa tisa tu, mama. Akiondoka Jumamosi asubuhi, jioni kafika."

Tukakubaliana na Dafroza apige simu Jumapili saa nane mchana, kwenye ofisi ya mnunuzi mmoja wa kahawa pale Mbinga mjini. Karani wake, mzee Ndunguru, alitufungulia baada ya misa.

Saa nane ikapita. Saa nane na nusu, kimya.

Ikabaki kidogo itimie saa tisa, lori la kuturudisha Matiri likapiga honi. Tukaondoka.

Tunakaribia nyumbani mama akaniuliza, "Mwalimu, wewe si ulisema masaa tisa?"

Nyumbani akagoma kula. Kila taarifa ya habari anasogea redioni kusikiliza kama kuna ndege imeanguka. Na mimi nilikuwa nasikiliza hicho hicho, ila sikumwambia.

Jumatatu nikaomba ruhusa shule, tukarudi mjini.

Mzee Ndunguru akatuambia, "Jana mmetoka tu, simu ikalia. Nilikuwa nimeshafunga, mpaka nafungua kufuli imekata. Sijui alikuwa nani."

Tukakaa. Saa tisa kamili simu ikalia. Mama akaiwahi kabla ya karani.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Akauliza, "Bibi yako mzaa mama anaitwa nani?"

Nikasikia Dafroza anacheka kule ndani ya simu, akamtaja. Hapo ndipo mama akasema, "Marahaba mwanangu," machozi yanamtoka.

Kumbe ndege haikwenda moja kwa moja. Walishushwa mji mwingine wakalala huko, akafika Frankfurt Jumapili mchana. Na alipiga saa nane kweli, ila saa nane ya kule. Kwetu ilikuwa saa tisa.

Mama akamuuliza, "Kwani huko jua ni lingine?"

"Ni hilo hilo mama, linaanzia kwenu."

Na mimi ndiye mwalimu wa longitudo, wakuu. Nilitazama chini.

Mama alipoweka simu akaketi juu ya magunia ya kahawa, akalala palepale kama mtoto. Mzee Ndunguru akawaambia wapakiaji waanze na magunia ya upande mwingine.

Nilichojifunza: umbali wa kwenye ramani sio muda wa safari. Uliza ndege inapitia wapi, mnasubiri muda gani, na saa za huko zinapishana vipi na zetu. Halafu waambie wazazi muda mrefu kuliko unaoudhania.

Nanyi mliosafirisha ndugu enzi zile za simu ya kugombania, mlikuwa mnajuaje kama kafika salama? Uwanja ni wenu.