Zamu ya Saulo Kalinga

Saulo Kalinga wa Kalenga alisimamia kinu cha mahindi kilichoendeshwa kwa umeme wa waya uliotoka maporomokoni kwenda Iringa mjini. Mwaka 1956 alifunga gurudumu la maji na dainamo kuukuu kwenye mfereji wa kijiji, akatangaza nje ya kanisa, "Umeme wangu utawasha wodi ya wazazi!"

Mkewe, Matilda, alikuwa mkunga katika wodi hiyo mjini, akizalisha kwa kandili. Ofisi ya umeme ilikataa kuiunganisha. Waya wa maporomoko ulikuwa umejaa. Jioni ulipata moto mpaka ukalegea.

Fundi Halfani wa ofisi hiyo, mzaliwa wa Mbeya, alikuja kujaribu kuiunganisha dainamo ya Saulo na waya huo.

"Mzee Kalinga, gurudumu lako linayumba. Haliendi sawa na mashine ya maporomoko. Nikiziunganisha zitapigana."

"Unganisha, mwanangu. Litatulia."

Halikutulia. Fyuzi zililipuka, mji ukazimika. Kesho yake wanawake sokoni walimngoja, wakamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, baba! Tuliahidiwa mwanga, mbona umetuletea giza?"

"Mpaka giza la mjini mnaletewa kutoka Kalenga," alijibu, akaendelea kuchagua vitunguu.

Wiki ile alikwenda kugawa maji ya mfereji. Ilikuwa zamu ya mkulima Marcelino kupata maji, lakini Marcelino hakutokea. Alikuwa amechimbua chemchemi shambani kwake, na kwetu mwenye chemchemi yake huiacha zamu ya mfereji iende kwa jirani mwenye shida. Saulo alifungulia maji shamba la jirani, akasimama akiyatazama yanavyoingia. Kisha akapanda baiskeli, akaenda moja kwa moja kwa Halfani.

"Kitoe kinu changu kwenye waya wako."

"Umekata tamaa, mzee?"

"Nani, mimi? Kinu kitasaga kwa gurudumu langu peke yake. Likiyumba, unga utachelewa kidogo. Zamu ya kinu kwenye waya ipeni wodi."

Halfani aliweka koleo chini. "Hilo linawezekana. Lakini uliwatangazia watu kwamba wodi itawaka kwa umeme wako. Sasa utakuwa wa maporomoko."

Saulo alikuna kidevu. Nadhani hapo palimuuma, maana alikuwa mtu wa kupenda sifa.

"Mtoto akizaliwa," alisema, "atauliza umeme wa nani?"

Halfani alikitenga kinu na waya, akakiacha kisage kutwa nzima kwa gurudumu. Kilisaga kwa kusuasua, lakini kilisaga. Ofisi iliporidhika, wodi ikaunganishwa.

Watani hawakukosekana. "Saulo, taa za wodini si zako!"

"Basi kazizimeni," aliwaambia.

Jumamosi Matilda alirudi nyumbani na kandili mkononi, kioo chake kimeoshwa.

"Kaitundike kinuni."

"Kinuni kuna taa, mama. Yangu mwenyewe."

"Basi mpelekee Marcelino wa chemchemi," alisema Matilda. "Mimi sina kazi nayo tena."