Dalali Pyo na Mikasi ya Bi Bong

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka ule katika mji wa Daegu hata vizuri vilikuwa vikitembezwa, tena kwa magoti. Maghorofa mapya yalisimama kila upande na madirisha yake hayana taa, wanunuzi wamekuwa wafalme. Mwenye nyumba alimsindikiza mgeni hadi kwenye lifti, akawa anampunguzia bei kila ghorofa wanayoshuka, na walipofika chini alikuwa ameshamwongezea friji na kitanda.

Katika soko hilo alikuwepo dalali mmoja, Pyo Jong-dal, ambaye Mungu alimnyima kipaji kimoja tu, uongo. Hebu fikiria, dalali! Kabla mnunuzi hajavua viatu mlangoni, Pyo alikuwa ameshamaliza kutaja kasoro za nyumba. "Chumba hiki kinapigwa na jua la jioni, mwezi wa saba utaiva. Na wa juu yako ana mtoto anayejifunza ngoma." Wanunuzi walimshukuru sana. Walimwamini Pyo kuliko walivyowaamini madaktari wao. Walimwamini, kisha wakanunua kwingine.

Hilo angelivumilia, kwa maana alishazoea. Lililomkosesha usingizi ni kwamba nyumba yake mwenyewe, ghorofa ya saba, nayo ilikuwa haiuziki. Mganga hajigangi. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Hae-rim kwa jina la binti yao, alikuwa amerithi shamba la vitunguu saumu kule Namhae, pwani ya kusini. Alitangulia na masanduku yake, akamwambia mumewe auze nyumba kisha amfuate.

"Nimekuachia mstari mmoja shambani," alimwambia kwa simu msimu wa kupanda. "Utaupanda mwenyewe ukija."

Pyo hakuja. Vitunguu vya mistari mingine vikaota, vikang'olewa, vikaanikwa, na mstari wa Pyo ukaota magugu. Yeye alikuwa ghorofa ya saba akila tambi za pakiti kwa vitunguu alivyotumiwa. Alimtamani mkewe, na alisema hivyo waziwazi, hata kwa watu waliokuja kuulizia nyumba. Hilo nalo halikusaidia bei.

"Baba Hae-rim, mkasi umetundika?" mkewe akamuuliza siku moja.

"Mkasi gani?"

"Usijifanye mgeni wa mji!"

Pyo alikuwa akiujua vizuri sana. Daegu nzima inajua kwamba nyumba iliyogoma dawa yake ni mkasi. Wa dukani haufai. Unatakiwa mkasi uliokwisha kukata nyama katika mkahawa unaofurika wateja, uuibe, uutundike kichwa chini karibu na mlango, na bahati ya mkahawa itawavuta wanunuzi. Na mkahawa uliofurika kuliko yote mtaani ulikuwa wa Bi Bong Mae-hwa, muuza mbavu za nguruwe za kuchoma, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha treni.

Basi Pyo akaenda kula mbavu peke yake, siku ya jua kali, amebeba mwavuli. Alikula huku jasho linamtiririka. Bi Bong alipogeuka, mkasi wa kukatia nyama uliokuwa mezani ukaingia ndani ya mwavuli, na Pyo akaelekea mlangoni kwa hatua za kuku aliyelowa.

"Bosi Pyo, mbona unatembea kama mwenye jipu?"

"Mgongo tu, Bosi Bong."

Huo ukawa uongo wa kwanza wa maisha yake, na ulimuuma kuliko jipu. Aliutundika mkasi ndani ya kabati la viatu. Akangoja. Hakuja mtu.

Siku za mwizi ni arobaini. Asubuhi moja mlango wa ofisi yake ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia Bi Bong mwenyewe.

"Magoti yameniishia kwa kupanda kile kilima cha kwangu," alisema. "Nataka nyumba hapa karibu na mkahawa. Nimezungushwa na madalali mpaka nimekoma, kila nyumba kwao ni peponi. Wewe nasikia husemi uongo. Nionyeshe."

Pyo akachukua funguo.

Sasa Bi Bong alikuwa na tabia yake. Akiingia nyumba ya mtu hatazami sebule wala mandhari, hufungua kwanza kabati la viatu, kwa kuwa, alisema, mtu hujulikana kwa viatu vyake. Walianza kwa Mzee Ma, mwalimu mstaafu. Kabati likafunguliwa, na kati ya raba na kandambili ukaning'inia mkasi wenye utepe mwekundu kwenye vishikio.

"Huu si wangu huu? Utepe nimeuzungusha kwa mkono wangu!"

"Ajabu," akasema Mzee Ma. "Labda umeletwa na upepo."

Nyumba ya pili waliambiwa mkasi ni urithi wa marehemu mama mkwe. Nyumba ya tatu alikaa mzee wa kanisa, naye akamsingizia shetani. Kila walipotoka, mikasi mkobani mwa Bi Bong ilizidi kugongana na kulia kama duka la chuma.

"Ndiyo maana wafanyakazi wangu wanakata nyama kwa meno!" alifoka kwenye lifti. "Sikia, Bosi. Nyumba ya mwizi sinunui, hata nipewe na friji lake. Imebaki ipi?"

"Imebaki moja. Ghorofa ya saba."

"Ya nani?"

"Yangu."

Uso wa Bi Bong ukakunjuka. "Kumbe! Tungeanzia huko."

Lifti ikapanda. Pyo alihesabu njia zake za kuponea. Angeweza kusema amesahau ufunguo. Angeweza kusema, samahani, nitangulie nifagie kidogo. Sekunde moja tu na kabati lingekuwa safi, nyumba ingeuzika, na yeye angekuwa Namhae kabla ya msimu wa kupanda. Aliuona ule mstari wenye magugu mbele ya macho yake. Alitia ufunguo kitasani, akafungua mdomo aombe kufagia, lakini mdomo wa Pyo, ukifika mlangoni pa nyumba inayouzwa, ulikuwa unajua wimbo mmoja tu.

"Bosi Bong, kabla hujavua viatu. Bomba la jikoni linalia asubuhi. Dirisha la sebule linavuja mvua ikija na upepo. Jirani wa chini anakaanga samaki kila siku iendayo kwa Mungu. Na mkasi wako umo."

Bi Bong akamtazama, akaingia, akafungua kabati. Alitoa mkasi mmoja. Kisha akaingiza mkono nyuma ya mabuti ya mvua, akatoa mwingine.

"Umesema mkasi. Hii ni miwili."

Pyo alibadilika rangi. "Mmoja nimeuiba mimi. Huo wa pili... siujui ulikotoka."

"Na wewe! Uliletwa na upepo?"

Masikini Pyo. Alimpigia mkewe, akaiweka simu kwenye spika. "Mama Hae-rim, mkasi wa nyuma ya mabuti ni wa nani?"

"Wangu. Niliuchukua kwa yule mama wa mbavu kabla sijaondoka. Ulipogoma kufanya kazi ndiyo nikakutuma wa pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Ungewatajia wanunuzi kuwa ni kasoro ya nyumba!"

Bi Bong alikaa chini pale pale penye viatu, akacheka mpaka machozi. "Hujambo, Mama Hae-rim," alisema aliporudiwa na pumzi. "Ni mimi huyo mama wa mbavu."

Sauti ndogo kutoka Namhae ikasema, "Nyama yako ni tamu sana, dada."

Bi Bong aliinuka akajifuta macho. "Nanunua. Wenzako wamenipa upepo, marehemu na shetani. Wewe umenitajia wizi wako mlango haujafunguliwa, pamoja na samaki wa jirani. Lakini bei utashusha, usifikiri nimelewa. Na kwanza uniuzie ya kwangu kule kilimani, maana sasa nina dalali wa kumwamini."

Kesho yake wakapanda kilima, Bi Bong akilaani kila ngazi. Alipofungua mlango, Pyo naye, sijui ni mazoea ya siku moja au vipi, akafungua kabati la viatu. Humo ulining'inia, kichwa chini, mkasi wa vishikio vya kijani, umeandikwa jina la mkahawa wa bata ulio mkabala na wake. Nyani haoni kundule.

"Usinitazame hivyo," Bi Bong alisema akiwa mwekundu kama utepe wake. "Wa kwangu mwenyewe haufanyi kazi. Lazima uibe!"

Pyo alifunga kabati taratibu. "Kasoro hii nitaitaja."

"Utasema nini?"

"Kwamba mwenye nyumba anapenda bata."

Nyumba ya kilimani ilipata mtu, ya ghorofa ya saba ikahamiwa, na Pyo akashuka basi Namhae na sanduku lake vuli ilipoanza. Mkewe alimpeleka moja kwa moja shambani, na viatu vyake vya mjini. Mistari yote ilikuwa imepandwa isipokuwa mmoja. Ulikuwa umepaliliwa, umelainishwa, hauna hata jani la gugu.

Pyo alipiga magoti kwenye udongo. Akaona afadhali ajisifu.

"Unaona, Mama Hae-rim. Ukweli ndio uliouza nyumba."

"Ukweli unao tangu unioe," alijibu mkewe, akipiga magoti kando yake na kikapu cha mbegu. "Nyumba imeuzwa na mikasi miwili. Shika, panda."