Honi ya Khim Singh

Kwenye kona ya juu, ng'ambo ya bonde, pana kibanda cha mawe cha mungu Golu, kimejaa kengele hadi mlangoni. Hakuna dereva anayepita pale bila kupiga honi, hata yule asiyeamini kitu, maana kushoto ni korongo na mbele huoni unakutana na nani. Khim Singh alipiga honi pale miaka yote ya teksi yake, mbili fupi na moja ndefu. Kwanza ilikuwa salamu kwa mungu. Pili ilikuwa kumwambia mkewe Hansi, aliyekuwa nyumbani upande wa pili wa bonde, abandike chuma cha chapati.

Kutoka kwenye kona ile barabara inazunguka mlima mzima kabla ya kufika kijijini. Hansi alipata nafasi ya kukanda unga wa ulezi bila haraka, na Khim alipoinamisha kichwa kuingia jikoni, chapati ya kwanza ilikuwa inafura pembeni ya makaa. Hansi aliipaka samli, akaweka na kipande cha sukari guru. Mwanamume huyu hakuwa na makuu. Ukimpa jumba mjini Delhi na kumnyima chapati ile, angekurudishia ufunguo.

Basi mwanzoni mwa baridi alirudi jioni moja akakuta meko yamepoa. Hansi alikuwa anachambua maharage meusi, mgongo kauelekeza mlangoni, na kivuli cha mumewe kilipomwangukia akaruka.

"Baba Deepa, siku hizi unaingia kama mwizi?"

"Nimepiga honi."

"Hukupiga."

"Nimepiga, Mama Deepa. Muulize Golu."

"Basi hiyo honi yako imeishiwa pumzi," alisema Hansi, akaanza kupuliza moto bila kumtazama.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Khim alikula chapati zilizochelewa, lakini ilimuuma. Binti yao Deepa alikwisha kuolewa mjini Haldwani, nyumba imebaki na watu wawili na nyati mmoja wa kufugwa, na Khim akaanza kuwaza kwamba labda mke naye huchoka kumtegea mtu sikio. Wazo hilo hakulitaka. Akaona heri lawama ibebwe na honi, kwa kuwa honi haiumii.

Asubuhi aliyopanga kwenda kwa fundi, Hansi akamzuia uani. Alitaka amhamishie Kaili kigingi, amtoe nyuma ya zizi amfunge mbele ya mlango wa jiko.

"Huku kuna jua," alisema.

Sasa Kaili, nyati wao mweusi, alikuwa chanzo cha ugomvi ndani ya nyumba ile. Maziwa yalikwisha kumkauka, ndama hatapata tena, na kila siku Hansi alipanda majabali kumkatia nyasi, akashuka na mzigo kichwani unaomfunika mpaka mabega. Khim alitaka auzwe ili mgongo wa mkewe upumzike. Hansi alikataa, na sababu yake ilikuwa kwamba amemzoea. Ni sababu gani hiyo? Hata hivyo Khim alikihamisha kigingi huku akinung'unika, akajipiga nyundo kidoleni, akaondoka.

Fundi Yakub wa mjini Almora alibonyeza usukani mara mbili, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Honi nzima hii, Khim. Ndivyo ilivyotoka kiwandani. Sauti ya bibi harusi, lakini nzima."

"Mke wangu haisikii."

Yakub akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Nifungie kama ya lori," alisema Khim.

"Zile za upepo polisi watakunyofolea hapohapo barabarani. Nitakuwekea tarumbeta mbili za umeme, moja nene, moja nyembamba. Ila zinakula umeme, itabidi nizipe waya wake na rilei, kidude cha kubeba umeme mkubwa, la sivyo swichi ya usukani itaungua."

Akafungua uso wa gari, akatoa honi ya zamani, kitu cha duara kama kisahani cha chai, akaiviringisha kwenye gazeti. Zile tarumbeta zilipojaribiwa, fundi cherehani wa ng'ambo ya mtaa alijichoma sindano, akatoa maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Khim alicheka njia nzima.

Jioni ile alipofika kwa Golu akabonyeza mbili fupi na moja ndefu. Kwale waliruka korongoni, mbwa wa vijiji vitatu wakajibu. Na alipoingia jikoni, chapati ilikuwa inafura pembeni ya makaa.

"Leo nimekusikia," alisema Hansi.

Khim alikula kama mtu aliyetoka safari ya mwaka. Honi ya zamani akaiweka kwenye kishubaka cha ukuta, karibu na taa, kwa kuwa Hansi hakuwa mtu wa kutupa vitu.

Majirani hawakufurahi. Harak, mwenye gari la jipu la kubeba abiria, alimsimamisha njiani.

"Kaka, umefunga honi au umefunga tembo? Mama yangu jana kamwaga dengu zote."

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alijibu Khim.

"Chura ni wewe, kaka. Sisi ndio ng'ombe, na maji hatunywi."

Khim hakujali. Kila jioni mkewe alimsikia, na kila jioni alijiona ni mtu anayengojewa. Nani angemtoa katika raha hiyo kwa ajili ya dengu?

Kisha gari la Harak likavunjika springi, wakawa wanatumia teksi ya Khim kwa zamu. Siku moja Harak alikuwa kwenye usukani walipofika kwenye duka la juu, mbali kabla ya kona ya Golu, mahali njia ya miguu inaposhuka moja kwa moja kijijini. Khim akashuka anunue sukari guru.

"Tangulia," alisema. "Mimi nitakata kwa mguu. Usisahau kupiga honi kwa Golu."

"Nani anasahau? Nataka kufika nikiwa hai."

Njiani Khim alijikuta anaharakisha. Miaka yote alikuwa ndani ya gari. Hakuwahi hata mara moja kuisikia honi yake akiwa nyumbani, kama anavyoisikia Hansi. Alitaka kusimama tu uani asikie. Alitaka pia kumwona mkewe uso, wakati ule hasa anapojua kwamba mumewe anarudi. Akajibanza nyuma ya lundo la majani makavu, mzee mzima, anatabasamu peke yake.

Hansi alikuwa amekaa kizingitini anachambua dengu. Honi ikalia ng'ambo ya bonde, mbili fupi na moja ndefu, kuku wakatawanyika. Hansi akaendelea kuchambua. Hata mkono haukusita.

Ila Kaili aliinua kichwa. Masikio yake mawili makubwa yakageukia barabarani, maana Khim kila siku humletea maganda ya mboga kutoka sokoni, naye hajasahau. Hansi akainua macho, akayatazama masikio yale. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akaingia kubandika chuma.

Khim alikaa chini palepale kwenye majani, na machozi yakamtoka. Hakuwa amesahauliwa. Mwanamke yule dunia ilikuwa inamnyamazia kidogo kidogo, na badala ya kulia alitafuta masikio mengine ya kumsikilizia mumewe. Alingoja mpaka gari lilipofika, akamwashiria Harak aende zake kwao, akaingia jikoni kama aliyetoka barabarani.

"Umenisikia?"

"Honi kama ile nitaikosaje?"

Chapati ilikuwa ya moto. Aliimaliza, akaomba nyingine.

Wiki iliyofuata alikuja Nandan, mnunuzi wa mifugo, ambaye Khim mwenyewe alimwita zamani kidogo. Alimzunguka Kaili, akampapasa kiwele, akacheka.

"Maziwa hana, ndama hana. Kwani hapa anafanya kazi gani?"

"Ananingoja nikirudi," alisema Khim. "Hauzwi."

Nandan akaenda zake akitikisa kichwa. Hansi alikuwa ametoka mlangoni, mikono ina unga, hofu imemjaa usoni.

"Amesema nini?"

Zamani Khim angejibu huku akifunga kamba au akitafuta viatu. Safari hii alimwendea, akasimama mbele yake uso kwa uso, akasema polepole, kila neno peke yake.

"Anamtaka Kaili. Nimemwambia hauzwi. Hata mwakani hauzwi."

Hansi akamtazama midomo, kisha macho. Akajua kwamba mumewe amejua. Khim alidhani atalia. Badala yake aliingia ndani, akarudi na kifurushi cha gazeti kutoka kwenye kishubaka, akamwekea mkononi.

"Basi rudisha hii ya zamani, Baba Deepa, watu walale," alisema. "Kaili anaisikia vizuri tu."