Unga wa Mama Donge

Walimwita Mama Donge kwa sababu alikanda mikate tangu usichana wake, na donge lililopita mikononi mwake liliumuka hata siku ambazo jiko zima limenuna. Mwanamke wa shoka! Nani angedhani homa ya mapafu ingemlaza hadi mapaja yabaki ngozi na mfupa? Alipopona, hakuweza tena kuinuka kitini. Binti yake alishinda kazini, kwa hiyo aliyemwinua ni mkwewe, fundi viatu aliyefanyia kazi hapo hapo nyumbani.

Mkwe alikuwa na adabu zake. Alimshika mama mkwe makwapani huku macho ameyaelekeza ukutani, akamfikisha mlangoni pa choo, kisha akagonga soli kwa nguvu asije akasikia lolote. Mama Donge alimpenda kwa hilo, lakini aibu ilimla. Alitaka kitu kimoja tu, kusimama mwenyewe.

Daktari aliridhia atumie asidi amino, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaja na kopo lake.

"Mama, mwili hujengea misuli kwa vitu hivi. Ila ukinywa ukakaa tu, umepoteza. Miguu ifanye kazi. Na unga huu usikose kila siku."

Unga! Jirani aliposikia kwamba mama wa watu anatumia unga, alishika kichwa. Lakini kwa mwokaji, neno hilo lina maana moja. Mama Donge aliuonja, ukawa mchungu kama shubiri, naye hajawahi kushindwa na unga.

"Baba, nisogezee meza na beseni," alimwambia mkwe. "Na ngano kidogo."

Akauchanganya humo, kipimo cha siku hiyo. Tatizo ni kwamba donge halikandwi kwa kukaa. Linataka uzito wa kiuno. Basi akasukuma viganja mezani, makalio yakaachana na kiti, akaanguka tena. Akasukuma tena. Kila asubuhi jasho lilimtoka, na mdomo haukuacha kulitukana donge.

Mtaalamu aliporudi alikuta kopo tupu.

"Nimeukanda," alisema Mama Donge bila wasiwasi.

"Na mkate kala nani?"

Fundi viatu aliinamisha kichwa. "Mimi. Ulikuwa mchungu, lakini mkono wa mama mkwe utaukataaje?"

"Kumbe tumejenga misuli ya fundi!" Mtaalamu alicheka hadi machozi. Kisha alimpapasa mama mapaja, akakuta nyama imeanza kukaza, akapapasa tena. "Endelea kukanda hivyo hivyo, mama. Ila unga wangu unywe na juisi."

Aliunywa, uso ameukunja, na kukanda hakuacha. Asubuhi moja mkwe aliweka nyundo chini aje kumwinua kama kawaida. Alikuta kiti kitupu. Mama Donge alikuwa wima katikati ya chumba, miguu inatetemeka, hajashika kitu.

"Mama! Umesimama!" Fundi alibaki amemzibia njia.

"Nimesimama, ndiyo. Sasa nipishe, baba, nimebanwa."