Sahani ya Delmar

Mimi humjua mtu kwa sahani yake. Nimepika kwenye mkahawa wa mnada wetu wa ng'ombe, hapa Nebraska, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kuona mtu mzima wa afya akirudisha nyama na viazi. Kwa hiyo Delmar Vosika aliporudisha sahani imejaa, mchuzi umeganda juu, nilijua kuna jambo.

Delmar ndiye mnadi wetu wa kila Jumatano. Wafugaji wa huku hawapandishi bei kwa kelele. Mmoja hugusa kofia, mwingine huinua kidole kimoja gotini, na Lyle Benes hukonyeza tu. Delmar alikuwa akiwaona wote kwa pamoja, mdomo ukimwaga bei, na bado alipata nafasi ya kumtania mtu wa mlangoni. Akishuka jukwaani, akili hiyohiyo ilikuwa balaa. Aliacha mageti wazi. Siku ya harusi ya mwanawe, mkewe LaVonne alimkuta shambani akitengeneza trekta. Na majira ya baridi yaliyopita aliingiza gari mtaroni akiwa na mjukuu wake Tessa, mtoto akavunjika mkono. Alisema ni barafu. Nilipita barabara ile siku ileile na ilikuwa kavu, lakini nilifunga mdomo wangu.

Theluji ilipoyeyuka yakaanza mapya. Chakula hataki, maji hayamtoshi, midomo anailamba kila mara. Kikombe cha kahawa kikawa kinamtetemeka mkononi, na suruali ikaanza kumvuka. Kwanza nilidhani ni saratani, halafu nikadhani ni mwanamke. Asubuhi moja nikamwona nyuma ya jokofu akimeza kidonge.

"Unanichunga, Arlys?" akanikaripia. Delmar hakuwa mtu wa kukaripia.

"Nachunga sahani zangu," nikamjibu.

Kule chini mnadani ndiko kulikoharibika zaidi. Lyle hukaa upande wa kushoto. Alikonyeza mpaka jicho likachoka, na ndama aliowataka wakaenda kwa mnunuzi wa kiwanda cha nyama, anayekaa kulia. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Upande wa kushoto ukaanza kunong'ona, na minong'ono yote ya wilaya hii hupitia kwenye kaunta yangu.

"Kanunuliwa yule," Lyle akasema.

"Delmar? Acha hizo! Kapime macho kwanza."

"Macho yangu mazima, bibie. Kaninyima ndama wiki mbili. Huyo wa kiwanda anamlisha nini?"

"Halishwi na mtu. Hata pai yangu ya cheri haigusi."

"Basi kashibia kwingine."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ila liliniuma. Gaylen, mwenye mnada, alikuwa amekaa palepale, na yeye hakucheka. Akasema akisikia lalamiko moja zaidi, atatafuta mnadi mwingine. Mnadi hana mtaji mwingine ila jina lake. Likishachafuka, hata mnada wa kuku hapewi.

LaVonne alipoleta mayai nikamvutia jikoni. "Mumeo anatumia nini?"

Akaniangalia kwanza. "Dawa ya akili isiyotulia. Daktari kasema kazaliwa nayo, hata watu wazima wanayo. Usimwambie mtu, Arlys. Vijana mjini wanauziana vidonge hivyohivyo, watu watasema naye anavilewa."

"Dawa gani inamnyima mtu chakula?"

"Daktari alituonya. Hamu ya kula hupungua, mdomo hukauka, moyo huenda mbio. Presha wanampima kila tukienda." Akakaa juu ya gunia la viazi. "Lakini juzi nimeongea naye, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Miaka thelathini ya ndoa, shoga yangu! Nililia. Sasa akishika jambo moja, amelishika hilo."

Hapo nikaelewa. Jukwaani pia alikuwa anashika moja. Akimtazama wa kulia, wa kushoto hawapo.

Hata hivyo sikuiamini dawa ile. Kitu kinachomfukuza mtu mezani mimi sikiamini, hata kiandikwe na madaktari kumi. Jumanne Delmar alipokuja kunywa kahawa nikamweleza waziwazi.

"Watu wanasema umenunuliwa. Gaylen anatafuta mwingine."

Akapauka. "Nani kasema?"

"Upande mzima wa kushoto. Ni vidonge vyako hivyo. Rudi kwa daktari akupunguzie."

"Daktari hanipi nafasi mpaka mwezi ujao," akasema. "Najua la kufanya."

Jumatano tulimpata Delmar wetu wa zamani. Sauti ilipaa, macho yakazunguka ukumbi mzima. Lyle alipata ndama wake kwa konyezo la kwanza, kisha akapata na fahali asiyemhitaji, maana vumbi lilimwingia jichoni. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mnada ulipokwisha Delmar akapanda mkahawani, akala nyama, akala viazi, akala pai mbili. Nilisimama pembeni yake nikimtazama kwa raha.

"Nilikusingizia, bwana," Lyle akasema, akimpiga begani.

"Yameisha. Nikimbie, nikamchukue Tessa shuleni."

Akavaa kofia. LaVonne alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Hakumtazama mumewe, alitazama meza.

"Amekula?"

"Yote!" nikasema. "Na pai mbili!"

Uso ukamshuka. "Del. Leo hukumeza."

Delmar akachezea ukingo wa kofia. "Naruka Jumatano tu, mama. Siku nyingine zote nameza."

"Jumatano ndiyo siku unayomwendesha mtoto."

"Ilikuwa barafu," akasema polepole, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Lyle alijitia kutafuta kitu mfukoni. Barabara ile sote tunaipita.

LaVonne akanyoosha mkono. Delmar akatoa funguo za gari, akaziweka kiganjani mwa mkewe mbele yetu sote, kisha akakaa tena palepale alipokuwa. Mimi nikaichukua ile sahani. Ilikuwa safi, hata mchuzi alikuwa ameufuta kwa mkate, na sikujua niiweke wapi.