Neno Lililomponya Neema

"Jaribu, jaribu. Haloo. Moja, mbili."

Kila Jumapili asubuhi sauti hiyo huingia ndani kwetu, mtaa wa Katubuka, bila kubisha hodi. Hutoka kwenye kipaza sauti cha kanisa lililo ng'ambo ya barabara, ikakwaruza, ikapiga mluzi mkali unaowatimua kuku wa jirani, kisha kijana wa mitambo akarudia tena: moja, mbili. Sijawahi kumsikia akifika tatu. Mimi huwa jikoni nakoroga uji, na mkono wangu husimama wenyewe. Mama huwa ukumbini, juu ya mkeka, anachambua dagaa, anatoa vijiwe na mchanga. Hainui kichwa. Mpaka mwezi uliopita sauti hiyo ilimwinua kabla hata kuku hawajakimbia, akaanza kukitafuta kitenge chake cha kanisani huku akituharakisha sote. Kwa nini siku hizi hainui kichwa, ndilo ninalotaka kuwaambia. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana sijamwambia mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa mtaa wa Rusimbi, mjini humuhumu, katika chumba kimoja na sebule, mimi Esta, Mama na mdogo wangu Neema. Mama alitoka Burundi na mimi mgongoni na Neema tumboni. Baba alibaki njiani, na habari za njia hiyo Mama hajapata kutusimulia. Riziki yake ilikuwa dagaa. Alfajiri alishuka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, kununua wabichi, akawaanika juu ya mchanga, jioni akawazoa, na nyumba nzima ikanuka dagaa hadi kwenye madaftari yangu ya shule. Kiswahili chake kilitosha dagaa tu: "ongeza", "hawa wameoza", "kesho njoo". Nje ya dagaa, mimi ndiye niliyekuwa Kiswahili chake. Ofisi ya mtaa, shuleni, dukani, mimi mbele, yeye nyuma. Msinicheke, lakini cheo hicho nilikipenda, na nilikitumia. Mwalimu alipomlalamikia kwamba naongea mno darasani, nilimfasiria kwamba najibu maswali mno darasani. Siku hiyo Mama alinipikia ugali kwa samaki wa migebuka.

Neema alikuwa na kifafa. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mcheshi, hodari wa kuiga sauti za watu. Kilipomjia aliachia sentensi katikati, macho yakapanda juu, akaanguka. Watu walimkimbia. Waliamini kwamba povu la mdomoni likikugusa nawe utaanguka, kwa hiyo walisimama mbali wakishika vinywa na kumwita Mungu, kila mtu kwa dini yake. Asiyekimbia alikuwa mmoja, Bi Zuhura, mama mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa swala tano. Alimlaza Neema ubavu, akamfuta povu kwa pindo la kanga yake mwenyewe, kanga ambayo angeswalia baada ya kuifua. Ni yeye aliyetushika mkono mpaka hospitali. Muuguzi alitupa vidonge vyeupe katika bahasha ya karatasi iliyochorwa jua na mwezi. "Kimoja kila jioni," alisema. "Asiruke hata siku moja. Hata mkimwona mzima." Nilifasiri kila neno, sikupunguza hata moja. Neema akakaa miezi saba bila kuanguka, akanenepa, akarudi shule.

Ndipo akaja Mchungaji. Aliletwa kutoka mkoa wa mbali kuja kufungua kanisa mtaani kwetu, na sitaki mmfikirie kama tapeli, kwa sababu hakuwa. Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi nilivishwa na kanisa lake. Aliwapikia uji watoto wa mtaa mzima bila kuuliza nani anasali wapi. Mama, aliyekuwa akiishi mji huu kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti cha wenyewe, alipata wanawake wenzake wa Kirundi wa kuimba nao, akaanza kucheka kwa sauti. Kama dini ni hiyo tu, basi mimi ni shahidi wake wa kwanza.

Akafanya mkutano wa injili wa wiki nzima kwenye kiwanja cha mpira. Wanawake wetu walikaa mbele, na mkalimani wao alikuwa mzee mmoja mzoefu. Siku ya tatu sauti ya mzee ikakauka kabisa. Mchungaji akatupa macho, akaniona nikimnong'oneza Mama, akaniita jukwaani na kunipa kipaza sauti cha pili. Jamani, raha ile! Nilisema "haloo" na haloo yangu ikaruka juu ya mabati na michikichi mpaka ziwani. Mchungaji alipofoka, "Shetani ashindwe na alegee!" sikujua shetani analegeaje, nikawaambia wanawake kwamba suruali ya shetani imelegea mkanda. Wakacheka hadi machozi yakawatoka. Mchungaji, ambaye hakujua Kirundi wala Kiha, alidhani wameguswa na Roho, akaongeza moto.

Jioni ya mwisho waliitwa wanaotaka kumpokea Yesu, na Neema alikuwa mmoja wao. Alisali sala ya toba akirudia neno kwa neno, na kwa uigaji wake aliisali kwa sauti ileile ya Mchungaji. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akatangaza, "Binti huyu leo ameokoka!"

Hapa lazima niwaeleze jambo la lugha yetu. Kwetu kupona ni gukira, na kuokoka ni gukira hiyohiyo. Wakalimani wazoefu walikuwa na neno lao la kanisani, refu, arakijijwe, na msikilizaji alijua hapo linasemwa la roho, si la mwili. Nililijua neno hilo, nilimsikia nalo yule mzee siku mbili nzima. Lakini la mkato ndilo lililowahi ulimini, lile ambalo mtu husema homa ya mtoto inaposhuka. Nikasema kwenye kipaza sauti, kwa nguvu zangu zote, "Arakize!" Amepona. Mama akaruka kutoka mkekani akapiga vigelegele, akamkumbatia Neema, akamgeuza huku na huku akimtazama macho. Nilifurahi kuona nimefasiri vizuri hivyo.

Jioni hiyo hakumpa kidonge. Bi Zuhura alipogundua alikuja hadi mlangoni na ushungi wake mkononi. "Mama Esta, Mungu hakukataza dawa. Omba, na umpe. Vyote viwili." Nikafasiri. Mama alimjibu kwa upole kwamba anamshukuru, ila mtumishi wa Mungu ameshasema, na kuendelea na vidonge ni kumwambia Mungu mwongo. Bi Zuhura akatikisa kichwa, akaondoka akisoma dua. Siku kadhaa alijaribu kumvizia Neema ampe kidonge ndani ya kipande cha andazi, na Neema, mwenye imani kubwa kuliko sisi wote, alikitema.

Jumapili Mama alisimama kutoa ushuhuda, ameinua ile bahasha ya jua na mwezi watu wote waione. Alisema kwa lugha yetu, mimi nikafuata kwa Kiswahili: "Mtumishi wa Mungu alisema mwanangu amepona. Tangu siku hiyo sijampa dawa, na hajaanguka."

Nilimwona Mchungaji. Alikuwa ameshafungua mdomo apaze sauti, akaufunga. Akanitazama mimi, si Mama. Alijua alichokisema na alijua kwamba hakusema hilo. Nilimwona akilitafuta la kufanya usoni mwangu, na kwa pumzi moja kanisa lote lilikuwa kimya, kila mtu akimsubiri yeye. Kisha mtu nyuma akaanza kupiga makofi, viti vikasukumwa, kwaya ikadaka wimbo, na Mchungaji akainua mikono. "Haleluya!" alisema. Mimi nikafasiri haleluya, ingawa haihitaji kufasiriwa.

Wiki ya sita baada ya pale, Jumamosi, tulikwenda ziwani kufua, mimi na Neema. Maji yalikuwa ya magotini. Wanawake watano walikuwa wakifua karibu yetu, wawili wao wanakwaya, na Neema alikuwa akiwachekesha kwa kumwiga Mchungaji. Nilipanda kuanika shuka kwenye majani. Nilimsikia nyuma yangu: "Shetani ashindwe na..." Nikasubiri amalizie. Nilipogeuka alikuwa kifudifudi majini na wanawake wameshapanda nchi kavu, wameshika vinywa. Nilikimbia. Nilipomgeuza, povu lake na povu la sabuni yalikuwa yamechanganyika, sikuweza kujua lipi ni lipi. Wale wanawake nao walikuwa na povu mpaka viwikoni.

Kanisa lilituzikia mtoto kwa heshima ambayo wageni wasio na ukoo hawapati. Jeneza, mchele, maturubai, wanaume wa kuchimba, vyote vilikuja bila sisi kuomba. Bi Zuhura alikaa chini na Mama siku tatu bila kutaja kidonge. Makaburini yule mzee mkalimani alikuwepo na sauti yake imerudi, lakini Mama alimkataa, akataka mdomo wangu. Mchungaji alikuwa amekonda. Aliongea taratibu, macho chini: "Neema ameokoka. Hilo hatuna shaka nalo." Safari hii nikalitoa neno refu, arakijijwe. Mama akanivuta sketi.

"Oya," aliniambia. Hapana. "Vuga neza. Arakize."

Sema vizuri. Nikasema vizuri.

Mwaka uliofuata Mchungaji alihamishwa, na aliponiaga alinishika kichwa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilielewa kidato cha tatu, katika kipindi cha Kiswahili, mwalimu alipoandika ubaoni maneno yenye maana zaidi ya moja: kaa, paa, mbuzi. Wenzangu walikuwa wakishindana kutaja mengine. Niliomba ruhusa, nikaenda nyuma ya vyoo, nikatapika. Niliporudi mwalimu aliniuliza kama nimepona. Nikamjibu ndiyo.

Siku hizi mwalimu wa Kiswahili ni mimi. Ofisini kwetu wapo walimu waliopangiwa huku kutoka mikoa mbalimbali, Wakristo kwa Waislamu, na chai ikichelewa hubishana kama dini inamwinua binadamu au inamrudisha nyuma. Mmoja hutaja hospitali za misheni, mwingine hutaja watu waliouza mashamba wakisubiri miujiza. Wakinigeukia, mimi husema nina madaftari ya kusahihisha. Ningewaambia nini? Kwamba mkono ulionivisha viatu ndio ulioinuka kusema haleluya? Kwamba mdogo wangu alikufa kwa ajili ya imani, na imani hiyohiyo ndiyo iliyomfanya mama yangu ale chakula mwaka ule? Nimeyapima miaka yote, na sijaona upande wowote unaomrudisha Neema.

Maana Mama aliishi kwa neno lile. Miaka zaidi ya ishirini alilala nalo na kuamka nalo. Mungu alimponya mwanawe, kisha akamchukua akiwa mzima, hivyo ndivyo alivyowasimulia wanangu. Lakini katika miaka hiyo alijifunza Kiswahili, na alijifunza kulekule kanisani. Kila Jumapili aliwasikia watu wakitangaziwa kwamba wameokoka, akawaona wakishuka madhabahuni wanachechemea vilevile, wanakohoa vilevile, na hakuna aliyeshangaa.

Mwezi uliopita tulikuwa tukichambua dagaa pamoja. Akaniuliza, na aliniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hajawahi kuniambia jambo zito kwa lugha nyingine isipokuwa yetu.

"Mwanangu, siku ile. Mtumishi alisema Neema amepona, au alisema ameokoka?"

Nilikuwa na mkono mzima wa dagaa. Niliona uso wake, mikunjo yake, jicho lake moja lenye mtoto wa jicho. Nilijua kwamba nikisema ukweli atajua nani alimnyima Neema dawa: yeye kwa mkono wake, mimi kwa ulimi wangu. Nikaogopa. Nina miaka thelathini na sita, nina watoto, nikaogopa kama siku ile mwalimu alipolalamika, na nikafanya nilivyozoea.

"Alisema amepona, Mama."

Akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akasema, "Basi alinidanganya. Mtumishi wa Mungu."

Nilidhani ameamua kumkasirikia mtu mmoja aliyehama zamani, ambaye hatamwona tena, na kwamba hilo halitamdhuru mtu. Jumapili iliyofuata kipaza sauti kikakwaruza, kuku wakakimbia, nami nikasubiri kusikia sanduku la vitenge likifunguliwa. Halikufunguliwa. Wala Jumapili ya pili.

Kwa miaka mingi nilimhukumu Mchungaji kwa ile pumzi moja aliyonyamaza. Sasa najua alichokuwa akikitafuta usoni mwangu. Neno la kumrudisha Mama kanisani ninalo, ameokoka, ni la silabi tano tu, naliandika ubaoni kila muhula. Nikilitamka, atampata Mungu wake tena, na atanijua mimi. Jana asubuhi, kijana wa mitambo alipoanza, nilitoka jikoni mpaka ukumbini na mwiko mkononi, nikasimama mbele yake.

"Unasemaje?" Mama akaniuliza, bila kuinua kichwa.

Nikamwambia uji uko tayari.