Vichwa vya Watu wa Shimoni

Wivu ninao, sikatai. Asiye nao ajitokeze tumshike mkono.

Mimi navunja kokoto. Tangu utoto naishi shimoni, mtaa wa mabati chakavu chini ya machimbo, na viganja vyangu vina sugu kama visigino. Mdogo wangu, tumbo moja, aliolewa na fundi umeme, akapanda kukaa mlimani kwenye nyumba za tofali. Nilimwonea wivu kwa mapazia yake, nikamwonea kwa bomba la uani. Hayo yalipita. Zahanati ndiyo haikupita.

Ilijengwa baada ya sensa iliyopita, kwa kokoto zetu: vitanda vinne vya kujifungulia na mkunga wa zamu. Siku ya ufunguzi tuliambiwa imewekwa kule kwa sababu sensa ilionyesha kule kuna watu wengi. Wengi, kule? Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka.

Usiku wa kuamkia sensa ile, watu wote wa shimoni tulihama. Kila mmoja alikwenda kulala kwa ndugu mwenye nyumba ya maana, kwani nani alitaka karani amkute kwenye bati lenye matundu? Mimi nililala sebuleni kwa mdogo wangu na wanangu watano, asubuhi nikamvalia karani gauni la kuazima. Karani huandika waliolala pale. Zahanati yao ilisimama juu ya vichwa vyetu.

Mwaka jana binti yangu na binti wa mdogo wangu walishikwa uchungu mwezi mmoja. Wa kwake alitembea hatua mia, akazaa kitandani. Wa kwangu tulimpandisha mlima kwa mkokoteni wa mawe, akajifungulia njiani. Mtoto wa kiume. Aliishi saa moja. Nilikwenda kumpongeza mdogo wangu, nikampakata mjukuu wake, na Mungu anisamehe, nilimchukia kwa jinsi alivyonona.

Sasa sensa imerudi. Afisa mmoja alikuja na kipaza sauti kutuhubiria haki na maendeleo. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Jioni vifurushi vikaanza kufungwa. Nikasimama njiani.

"Unakwenda wapi, jirani?"

"Kwa kaka. Kesho si wanahesabu?"

"Nenda tu, mama. Wa mlimani wanataka vitanda vinne vingine, kawaongezee kichwa."

Alitua kifurushi chini. "Wale? Tena?"

"Wale wale."

Akarudi kwake, na aliyemfuata naye akarudi. Haki haikuwagusa, kijicho kiliwagusa. Mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, mbona huji? Nimeshakutandikia."

"Leo nalala kwangu."

Asubuhi karani, binti mpole, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia kazi yangu ni kuvunja kokoto, aandike hivyo hivyo. Akatuandika watu saba. Kisha akauliza kama kuna aliyefariki humu ndani miezi kumi na miwili iliyopita.

Binti yangu aliinama. "Aliishi saa moja tu. Na yeye anaandikwa?"

"Anaandikwa, dada. Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Binti yangu alipokuwa akijibu, mimi nilimuwaza mdogo wangu kule juu, akiulizwa swali lile lile na kujibu "hakuna" huku akimmiminia karani chai. Sijawahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea kwa neno hilo moja.